Je, Hitchcock Aliiba? Madirisha Mawili na Kalamu Moja

Joto la kaskazi likikaza na vyumba vikawa havikaliki, baraza za Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, hukaa na watu mpaka usiku mwingi. Wapenzi wa filamu za zamani hawakosekani hapo, na kuna ubishi mmoja unaowarudia kila mara. Mmoja wao ametazama The Window, filamu ndogo ya mwaka 1949 isiyojulikana sana. Ndani yake kuna mtoto anayeona mauaji kwa dirisha la jirani na hakuna anayemwamini. Kisha akatazama Rear Window ya mwongozaji Alfred Hitchcock, ya mwaka 1954, ambamo mtu aliyevunjika mguu anashuku mauaji kwa dirisha la jirani na hakuna anayemwamini. Anahesabu miaka, anatoa hukumu: Hitchcock aliiba.

Mwenzake anayejua zaidi kidogo humjibu kwa kugeuza kesi. Ted Tetzlaff, aliyeiongoza The Window, ndiye aliyekuwa mpiga picha wa Hitchcock katika Notorious ya mwaka 1946. Kwa hiyo, asema, mwanafunzi ndiye aliyemwibia mwalimu.

Wote wawili wamekosea, na wamekosea kwa namna inayofanana. Kila mmoja ameziweka filamu mbili mbele yake kama kwamba hakuna kitu nyuma ya filamu hizo. Kipo, na kina jina: Cornell Woolrich, mwandishi wa hadithi.

Kabla ya kufika kwake, tukubaliane kuhusu maneno machache. Filamu ya taharuki ni ile inayomweka mtazamaji katika hali ya kungoja baya litokee. Mwongozaji ni yule anayeamua kamera isimame wapi, mwigizaji aseme vipi, na mtazamaji ajue nini kwa wakati gani. Mara nyingi si yeye aliyetunga kisa. Hadithi chanzi ni kisa kilichoandikwa kwanza, aghalabu kwenye kitabu au jarida, ambacho kampuni ya filamu hununua ruhusa ya kukitumia. Kati ya hadithi chanzi na filamu yupo mwandishi wa skripti, anayekigeuza kisa kuwa maonyesho na mazungumzo. Hakimiliki nayo ni haki ya mtunzi juu ya kile alichokiandika, si juu ya wazo lililompitia kichwani.

Hilo la mwisho ndilo linalowachanganya watu zaidi, na hapa Lamu tuna mfano wake kwenye kila mtaa. Hakuna fundi anayeweza kudai kwamba mlango wa mbao wenye mbao mbili, mfaa katikati na miimo iliyochongwa ni mali yake peke yake. Wote huchonga milango ya aina hiyo. Lakini fundi akilaza karatasi juu ya kazi ya mwenzake, akanakili ua kwa ua na mnyororo kwa mnyororo, kisha akauza kama kazi yake, hapo kuna la kuuliza. Namna ya mlango ni wazo. Michongo ile yenyewe ndiyo kazi ya mtu. "Mtu anaona mauaji dirishani na haaminiwi" ni namna ya mlango.

Sasa Woolrich. Alizaliwa mwaka 1903 mjini New York, na kwa miaka mingi aliishi na mama yake hotelini. Aliandika visa vya hofu kwa wingi kwenye majarida ya bei rahisi, na kwa kuwa alikuwa akitoa kazi nyingi, alitumia pia majina mengine kama William Irish na George Hopley. Katika miaka ya 1940 kampuni za filamu za Marekani zilikuwa zikimchota kama kisima. Hata hivyo jina lake halikuwahi kukaa midomoni mwa watu kama majina ya waongozaji waliotumia visa vyake.

Mwezi Februari 1942, jarida la Dime Detective lilichapisha hadithi yake iitwayo "It Had to Be Murder". Mwanamume amekaa chumbani mwake, hawezi kutoka, anatazama madirisha ya nyuma ya majirani, na anaanza kuamini kwamba mmoja wao amemuua mkewe. Baadaye hadithi hiyo ilichapishwa tena kwa jina la "Rear Window". Mwaka 1947 Woolrich huyo huyo akaandika kisa kingine, "The Boy Cried Murder", cha mtoto mwenye sifa ya uongo ambaye siku moja anaona mauaji ya kweli.

Ipangeni miaka hiyo sawasawa, ubishi wote unalegea. Filamu ya mtoto ilitangulia kuonyeshwa, lakini hadithi ya mtu mzima ndiyo iliyotangulia kuandikwa, kwa miaka mitano. Kila filamu ilitengenezwa kutoka hadithi yake, kwa ruhusa iliyonunuliwa, na hadithi zote mbili zilitoka mkononi mwa mtu mmoja. Zinafanana kwa sababu ni ndugu wa baba mmoja. Anayetaka kumkuta anayejirudia basi amtafute Woolrich, naye alikuwa akijirudia mwenyewe, jambo ambalo kila mtunzi ana haki nalo.

Hata tarehe ya 1949 ni ya kushika kwa uangalifu. The Window ilikuwa imeshapigwa picha kabla tajiri Howard Hughes hajaichukua kampuni ya filamu ya RKO, iliyoitengeneza, mwaka 1948, kisha ikawekwa kando mpaka mwaka uliofuata. Mwaka wa kuonyeshwa hautuambii kila mara kazi ilifanywa lini.

Na kama mtu bado anashikilia kwamba aliyetangulia na wazo ndiye mwenye wazo, basi Woolrich naye ana mashtaka ya kujibu. Mwaka 1894 Mwingereza H. G. Wells alichapisha hadithi fupi ya mgonjwa aitwaye Bailey, aliyelazwa karibu na dirisha akitazama mto. Anayoyatazama yanageuka kuwa hatari inayomjia yeye mwenyewe, na anajitetea kwa kutupa chupa za dawa zilizo karibu naye. Aliyeona jinsi mtu wa Hitchcock anavyojitetea mwishoni kwa mwanga wa balbu za kamera atatambua ukoo huo mara moja. Hakuna anayemwita Woolrich mwizi kwa hilo, na ni sawa asiitwe. Mtu asiyeweza kuondoka dirishani ni wazo la zamani, na aliye na kalamu anaweza kulichukua.

Tukiacha kesi ya wizi, tunapata nafasi ya kuzitazama filamu zenyewe, na hapa ndipo penye utamu. Nitasimulia sehemu za visa lakini miisho nitaiacha.

Zote mbili zinaanzia kwenye joto. Katika The Window, mtoto Tommy Woodry anaishi na wazazi wake kwenye jengo la watu wa kipato kidogo mjini New York. Usiku ni mzito, hewa haipiti, naye anachukua mto wake na kwenda kulala nje kwenye ngazi ya chuma ya dharura, ghorofa moja juu ya kwao. Mtu wa Lamu hahitaji maelezo hapo. Nani kati yetu hajapanda dari na mkeka usiku wa namna hiyo? Kupitia dirisha la majirani wa juu, Tommy anawaona mume na mke wakimuua baharia kwa mkasi. Katika Rear Window pia joto ndilo linalofungua madirisha yote ya uani na kuwatoa watu kulala nje. Bila joto, mapazia yangefungwa na kisa kisingekuwepo.

Lakini tazameni tofauti ya macho. Tommy hakutafuta kuona. Alikuwa amelala, akafumbua macho, na dhambi ya wengine ikawa mbele yake. L. B. Jefferies wa Hitchcock, aliyeigizwa na James Stewart, ni mpiga picha aliyefungwa plasta mguuni, amechoshwa na kukaa, na anachungulia kwa makusudi, kwanza kwa macho, kisha kwa darubini, kisha kwa lenzi ndefu ya kamera. Muuguzi wake, Stella, anamkemea kwa hilo tangu mwanzo. Sisi tuliokulia Mkomani, ambako nyumba zimekaribiana hata wikio linaunganisha ukuta na ukuta juu ya kichochoro, tumefunzwa tangu utotoni kwamba ua wa jirani hautazamwi hata kama dari yako iko juu yake. Ndiyo maana naamini mtazamaji wa hapa anaiingia Rear Window kupitia mlango wake hasa. Anauliza mapema kabisa: huyu ana ruhusa gani ya kutazama? Filamu nzima inaliuliza swali hilo, wala haimpi Jefferies jibu jepesi, kwa sababu bila uchunguliaji wake huenda mauaji yasingejulikana.

The Window haina haja ya swali hilo. Lake ni jingine, na kwangu lina uchungu zaidi: mtoto afanye nini ikiwa watu wazima wote wameshaamua kwamba yeye ni mwongo? Filamu inafunguka kwa kuutaja ule mfano wa Aesop ambao kwetu watoto husimuliwa kwa fisi au chui, wa mchungaji aliyepiga yowe la uongo mpaka siku mnyama alipokuja kweli. Tommy amewaambia wenzake kwamba familia yao inahamia kwenye shamba la mifugo, na uongo huo umefika kwa mwenye nyumba, aliyekuja na wapangaji wapya kuitazama nyumba. Wazazi wameaibika. Kwa hiyo anaposimulia mauaji, mama anadhani ni ndoto, baba anadhani ni hadithi nyingine. Anakwenda polisi peke yake. Mpelelezi anakuja akijifanya mtu wa ukarabati, anachungulia kwa majirani, haoni kitu, anaondoka.

Kisha linakuja onyesho ambalo kwa maoni yangu linalingana na lolote alilopiga Hitchcock. Mama, kwa malezi mema kabisa, anamshika mwanawe mkono na kumpeleka ghorofa ya juu akamwombe radhi jirani aliyemsingizia. Mzazi wa Lamu angefanya vivyo hivyo, na angesifiwa kwa adabu ya mwanawe. Kwa tendo hilo la adabu, muuaji anajua sasa kuna shahidi, na shahidi huyo ni nani. Hakuna bunduki wala muziki wa kutisha unaohitajika. Baadaye mama anaitwa kumwuguza dada yake, baba anafanya kazi usiku, naye, akitaka kumzuia mtoto asitoroke, anaupigilia misumari mlango wa dirisha. Wazazi wanaompenda ndio wanaomfungia pamoja na hatari.

Kwa upande wa ufundi, tofauti kubwa iko katika kile mtazamaji anachokijua. Tetzlaff anatuonyesha mauaji waziwazi. Kamera yake inakwenda popote: kwa wauaji, kwa wazazi, mitaani, na katika jengo bovu lililoachwa ambamo kisa kinafikia kilele. Tunajua Tommy anasema kweli tangu mwanzo, na taharuki yetu ni kungoja wengine wajue kabla hajachelewa. Hitchcock anafanya kinyume. Karibu filamu yote kamera haitoki chumbani mwa Jefferies, na mauaji hatuyaoni. Tunapata vipande: ukelele usiku, mtu anayetoka na sanduku mara kadhaa kwenye mvua, kisu, msumeno, kitanda kitupu. Taharuki yetu ni shaka: je, kuna mauaji kweli, au ni mgonjwa mwenye kuchoka anayejitungia kisa? Na mara moja, Jefferies akiwa amesinzia, sisi peke yetu tunamwona jirani yule akitoka na mwanamke. Sasa tunajua jambo ambalo shujaa wetu halijui, na jambo hilo linampinga. Huo ni ufundi wa hali ya juu, nao haumo katika The Window wala hauwezi kuingia humo.

Mtoto anaweza kukimbia lakini hasikilizwi. Mtu mzima anasikilizwa, ana rafiki mpelelezi, ana muuguzi, ana mchumba wa kumtuma ng'ambo ya ua, lakini hawezi kusimama. Huyo mchumba, Lisa, aliyeigizwa na Grace Kelly, hayumo kabisa katika hadithi ya Woolrich. Aliingizwa na mwandishi wa skripti, John Michael Hayes, na pamoja naye likaingia suala zima la ndoa: kila dirisha la uani linamwonyesha Jefferies namna moja ya watu kuishi pamoja au kuishi peke yao. Ukimwondoa Lisa, nusu ya filamu imekwenda. Hayo ndiyo niliyoyaita michongo. Na ua wenyewe ulijengwa ndani ya studio ya Paramount, majengo yenye nyumba 31, sakafu ikachimbwa ili uwanja uwe chini vya kutosha. Tetzlaff alichukua njia nyingine, akaipiga sehemu kubwa ya filamu yake katika mitaa halisi ya New York, na vumbi na nguo zilizoanikwa za mji ule zinaonekana.

Kuna jambo dogo linalonifurahisha kila nikizitazama hizi mbili kwa mfululizo. Mama wa Tommy ni Barbara Hale, na jirani anayeshukiwa katika Rear Window ni Raymond Burr. Miaka michache baadaye wawili hao walikuja kukaa ofisi moja, Burr akiwa wakili Perry Mason na Hale katibu wake, katika mfululizo wa televisheni ulioanza mwaka 1957.

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba mtunzi akishalipwa, mambo yamekwisha. Rear Window yenyewe inaikanusha. Mwaka 1945 Woolrich aliuza haki za filamu za hadithi zake sita, hiyo ya dirisha ikiwemo, kwa dola 9,250, na baadaye kampuni ya Hitchcock na Stewart ikanunua haki za hiyo ya dirisha peke yake kwa dola 10,000. Wakati ule sheria ya Marekani ilitoa hakimiliki kwa miaka 28, kisha mtunzi akahuisha kwa kipindi cha pili. Woolrich aliahidi kuhuisha na kuwaachia haki hiyo walionunua. Lakini alifariki mwaka 1968, kabla wakati haujafika. Benki iliyosimamia mirathi yake ikahuisha, ikamwuzia haki hiyo mtu aitwaye Sheldon Abend kwa dola 650 na asilimia 10 ya mapato. Filamu ilipoendelea kuonyeshwa, Abend akashtaki. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki: ahadi ya marehemu haikuwafunga waliopokea haki ya kipindi cha pili, kwa kuwa mtunzi hakuwa hai kipindi hicho kilipoanza.

Watu wakisikia kwamba mahakama iliwahi kuamua dhidi ya wamiliki wa Rear Window, huishika kama ushahidi kwamba Hitchcock aliiba. Sivyo. Filamu ilitengenezwa kwa ruhusa halali. Kesi ilihusu nani alipwe baada ya ruhusa ya kwanza kuisha, na The Window haikuguswa.

Kesi ya pili ndiyo inayojibu swali la baraza moja kwa moja. Mwaka 2007 ilitoka filamu ya Disturbia, ya kijana aliyefungiwa nyumbani kwa amri ya mahakama, anayewachungulia majirani na kumshuku mmoja kwa mauaji. Wenye haki za hadithi ya Woolrich walishtaki. Mwaka 2010 mahakama ya New York iliwakatalia: zinachoshiriki kazi hizo mbili ni wazo la jumla, na wazo la jumla halina mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Kenya nayo hulinda kazi iliyokwisha kuwekwa katika umbo linaloshikika, iliyoandikwa au kurekodiwa, na kwa kazi ya maandishi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kijana wa Shela au Langoni anayetaka kutengeneza filamu ya mtu anayeona jambo la kutisha akiwa juu ya dari hahitaji ruhusa ya mtu. Akikichukua kisa cha mwandishi wa hapa kama kilivyo, na wahusika wake na mazungumzo yake, amtafute mwandishi, au warithi wake, kabla ya kuwasha kamera.

Imebaki ile imani kwamba kama The Window ingekuwa nzuri, ingejulikana. Rear Window iliteuliwa kwa tuzo nne za Oscar, haikupata hata moja. The Window iliteuliwa kwa uhariri, na mtoto aliyemwigiza Tommy, Bobby Driscoll, alipewa tuzo maalumu ya Oscar ya watoto mwaka 1950 kwa kazi zake za mwaka uliotangulia. Ni mtoto yuleyule aliyekuja kuwa sauti ya Peter Pan wa Disney mwaka 1953. Alipokua kazi zilimwishia, na mwaka 1968, mwaka uleule aliokufa Woolrich, alikutwa amekufa katika jengo lililoachwa mjini New York akiwa na miaka 31, akazikwa bila kutambuliwa. Filamu ndogo bila nyota wakubwa na bila jina zito la mwongozaji husahaulika hata ikiwa njema. Hata Rear Window iliwahi kukosekana kwenye majumba ya sinema kwa miaka mingi, mpaka iliporudishwa mwaka 1983.

Ukitaka kuzitazama zote mbili, anza na The Window. Ni ya dakika 73 tu, inakupa hofu ikiwa safi, bila shaka yoyote juu ya nani mkosa. Kisha tazama ya Hitchcock, na kila mara Jefferies anapoinua lenzi jiulize kama ungemwamini kwa ushahidi alionao. Na majina yanapopita mwanzoni mwa kila filamu, usiyaruke: subiri mstari unaotaja hadithi imetoka kwa nani.